Vidonge vya damu vikikusumbua tumbo, usiviache kimyakimya

Kina mama wajawazito wengi wanaoingia dukani kwetu huulizia vidonge vya kuongeza damu "visivyosumbua tumbo". Ukiwadadisi, wengine wameshaacha vile walivyopewa kliniki kwa sababu ya kichefuchefu, kiungulia au choo kigumu. Hilo linatutia wasiwasi sana. Mama anayefika siku ya kujifungua damu ikiwa chini yuko hatarini zaidi akivuja damu.

Kinachochokoza tumbo ni madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, ambayo ni aina ya vitamini B. Chuma kisichofyonzwa hubaki utumboni na kufanya choo kiwe cheusi; weusi huo usikutishe. Ila choo kikinata kama lami na kutoa harufu kali, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuacha, badilisha saa. Chuma hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, lakini kama kinakutapisha, kimeze usiku baada ya kula kidogo, kisha ulale. Tumia maji au juisi ya machungwa. Chai hapana, hata ya maziwa, maana huzuia chuma kufyonzwa. Kati ya chai na kidonge, iache ipite saa moja au mbili. Dawa ya kiungulia na vidonge vya kalsiamu navyo vipishane na chuma kwa saa mbili. Na pemba, ule udongo wa kula, mama: tunajua hamu yake ilivyo kali, lakini udongo ule hushika chuma kisiingie mwilini, na unaongeza ugumu wa choo.

Kwa choo kigumu, ongeza maji, papai, mboga za majani, na utembee. Usijinunulie dawa ya kulainisha choo bila kuuliza.

Kama uko miezi mitatu ya mwanzo na chuma kinakushinda kabisa, mwambie nesi. Anaweza kukupa asidi ya foliki peke yake kwa muda, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga wiki za mwanzo kabisa, na asidi hiyo husaidia ujifunge vizuri. Ukitapika hata maji, usisubiri kliniki ijayo.

Ukija kwetu, njoo na kadi ya kliniki na pakiti zote unazotumia. Tunaziangalia bure, hasa vitamini A isizidi, kwani ikizidi inaweza kumdhuru mtoto.