Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama, Tanga

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kisukari, wazazi wa watoto wenye kisukari, na jamaa mliowasindikiza wagonjwa wenu: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao anazo katibu. Mimi nitakaa zaidi kwenye mpango wa kubadili mtindo wa maisha, kwa kuwa ndio uliotuchukulia nguvu nyingi na ndio tutakaouombea fedha zenu leo.

Matembezi ya Jumamosi alfajiri, kutoka Tangamano kupita Bombo hadi Raskazone, yamekubalika, na hayahitaji maneno mengi. Ila Jumamosi peke yake haitoshi. Wataalamu wanataka dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uheme kidogo, yaani nusu saa kwa siku tano. Walionufaika ni walioongeza ya kwao: robo saa ya kutembea baada ya kula, au baiskeli, ambayo mji huu ulisifika nayo kabla bodaboda hazijatulemaza. Msuli ukifanya kazi huchota sukari kwenye damu hata pale insulini inapozembea. Wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamaidi wapime kabla ya kutoka na wabebe glukosi mfukoni, maana sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine si ya kusubiri mpaka ufike nyumbani.

Kazi ngumu ilikuwa jikoni. Mgonjwa anatoka kwenye semina na karatasi yake ya mlo, anafika nyumbani Makorora, anakuta wali wa nazi umeshapakuliwa kwenye sinia na nyumba nzima imezunguka. Akijitenga na kisahani chake cha mchicha ataambiwa anaringa, au ataonewa huruma kama anayekaribia kufa. Siku ya tatu ameshasogea kwenye sinia. Ndipo kamati ikaamua kuwa anayejiandikisha kwenye darasa la mlo aje na anayempikia.

Darasa likabadilika hapo hapo. Tulichukua kifungua kinywa chetu wenyewe, mahamri kwa mbaazi, tukakipanga kwenye sahani mbili. Ya kwanza mahamri manne na mbaazi za kuchovyea. Ya pili hamri moja, mbaazi za kujaa na kachumbari pembeni. Mama mmoja mpishi wa shughuli kutoka Ngamiani akauliza: "Mbaazi ndiyo mboga na hamri ndilo chakula. Mnataka nigeuze?" Ndiyo, mama, tunataka ugeuze. Mbaazi zina wanga pia, lakini nyuzinyuzi na protini zake huufanya usagwe polepole, kwa hiyo sukari haipandi kwa kasi. Mchana ni hivyo hivyo: nusu ya sahani mboga za majani, robo samaki au kunde, robo iliyobaki wali au ugali.

Wengi walikuwa wanailaumu nazi bure. Kinachopandisha sukari pale ni wali. Nazi ni mafuta, hesabu yake iko kwenye uzito na lehemu (kolesteroli). Dona ni bora kuliko sembe, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Asali nayo ni sukari, hata ikitoka Handeni. Chungwa la Muheza ulile, usilikamue.

Jamaa wanaopika kwa ajili ya mgonjwa wana faida yao, kwani kisukari cha aina ya pili hufuata damu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa juu bila kufikia kisukari, ulionyesha kuwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi kulipunguza uwezekano wa kuugua kwa 58%, na dawa ya metformini kwa 31%.

Sasa nakuja kwenye jambo lililotuumiza. Baadhi ya wenzetu, sukari iliposhuka, waliacha dawa wenyewe. Mmoja alirudi kwetu akiwa na kidonda cha mguu. Wapo wanaotaja habari za Uingereza, na habari hizo ni za kweli: utafiti wa DiRECT wa mwaka 2017 ulikuta 46% ya waliofuata mpango mkali wa lishe wako chini ya kiwango cha kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja. Lakini hao walikuwa wa aina ya pili, hawakuwa wanatumia insulini, ugonjwa haukuwa umezidi miaka sita, na dawa zilisimamishwa chini ya uangalizi. Hata wao waliambiwa waendelee kupimwa kila mwaka. Dawa hupunguzwa na daktari, akiwa na kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu mkononi. Na watoto wetu wa aina ya kwanza, ambao miili yao haitengenezi insulini, hawaiachi hata siku moja, hata wakila mlo mzuri kiasi gani. Wauza chupa za "kumaliza kisukari" pale sokoni sitawajibu hapa, nimeshawajibu wenyewe.

Kabla ya Ramadhani kutakuwa na darasa la futari, kwa sababu mihogo, magimbi, tambi na kaimati kwa mkupuo mmoja ni wanga juu ya wanga. Anayekusudia kufunga amwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla. Kujitoboa kidole kupima hakufunguzi, ndivyo wanavyosema masheikh wengi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua.

Vijiti vya kupimia bado ni ghali, na vilivyoko ofisini ni kwanza vya watoto na wanaojichoma sindano. Kamati inaomba mpige kura leo kuongeza ada kidogo ili tununue vingine na tulipie jiko la darasa.

Fomu za awamu ijayo anazo katibu. Mstari wa pili ni wa jina la anayekupikia. Ukiwa mtupu, fomu haipokelewi.