Mambo ya imani ya nyumbani tuacheni na sisi wazazi tuandike

Mhariri, salaam nyingi kutoka Tanga.

Naandika kumjibu yule ndugu ambaye barua yake mliitoa kwenye ukurasa wa imani, aliyesema siku hizi kila mwenye simu kageuka sheikh na kila mama kageuka mchungaji, eti watu wa kawaida tuache kuandika habari za dini tuwaachie wenye elimu yao. Kusema kweli nusu ya maneno yake nakubaliana nayo kabisa na nusu nyingine siwezi kuinyamazia, manake inanigusa mie na wenzangu wengi ambao tunaandika mambo ya imani na familia na tuna watu wanaotusoma na kutujibu.

Mie ni mama wa nyumbani hapa Ngamiani, nashona nguo, na usiku watoto wakishalala huwa naandika vipande vifupi vya maisha ya humu ndani, vipi tunaswali, vipi tunagombana na kupatana, mtoto kauliza nini kuhusu Mungu na baba yake kamjibu nini. Nilianza kuwatumia ndugu zangu walioko mbali, wao wakawapa wenzao, basi mpaka leo nasomwa na watu ambao sura zao sizijui. Sijawahi kutoa hukumu ya halali na haramu hata siku moja wala sitoi, hiyo ni kazi ya masheikh na nawaheshimu sana. Sasa huyo ndugu anaposema tuache kabisa, namuuliza, je Luqman alikuwa nani? Kwenye Qur'ani iko sura nzima yenye jina lake, ya 31, ukianza aya ya 13 unakuta baba anazungumza na mwanawe, ewe mwanangu usimshirikishe Mwenyezi Mungu, ewe mwanangu simamisha swala, usiwageuzie watu uso kwa kiburi, punguza sauti yako. Wanazuoni wengi wanasema Luqman hakuwa mtume, alikuwa mtu aliyepewa hekima, na maneno aliyomwambia mwanawe Mungu mwenyewe kayahifadhi mpaka Siku ya Kiyama. Yani nasaha ya mzazi kwa mtoto imepewa nafasi ndani ya Kitabu, afu sie tuambiwe haina nafasi kwenye gazeti?

Na kwa upande wa ndugu zetu Wakristo nilifundishwa jambo na mama mmoja wa Muheza anayenisoma, yeye ni Mwanglikana, akaniambia fungua Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya kwanza mstari wa 5, utakuta Paulo anamkumbusha Timotheo imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi kisha kwa mama yake Eunike. Bibi na mama, jamani, wametajwa kwa majina yao. Nilifurahi sana na siku hiyo hiyo nikawaandikia wasomaji wangu habari ya bibi zetu.

Turudi hapa hapa pwani kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Siyu hakuwa mwalimu wa chuo wala kadhi, alikuwa mama mgonjwa aliyemwambia binti yake atwae wino na karatasi, akamuachia wasia wa dini na wa unyumba, hiyo ni 1858, na kuna nyumba kibao za pwani ambako bibi zetu waliukariri kwa moyo bila hata kujua kusoma. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa mmoja tu, binti yake. Na Shaaban Robert huyu wetu wa Tanga, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, kazi yake ilikuwa ukarani serikalini, hakuwa imamu. Mkewe Amina alipofariki akamlilia kwa shairi ambalo watu wanalisoma mpaka leo, na watoto wake akawaandikia tenzi za nasaha, ndani yake mna kumcha Mungu, mna adabu, mna namna ya kuishi na watu. Sidhani kama kuna aliyemwambia we karani kaa kimya mambo ya Mungu hayakuhusu, na kama yupo basi nashukuru hakusikilizwa.

Tena mji wetu huu una historia ya watu wa kawaida kuandika. Wakati wa Mjerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, shule ya serikali ya hapa Tanga ilikuwa inachapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, na waliokuwa wanaleta habari humo ni walimu na makarani kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wanaandika mambo ya kule waliko. Hata wenye elimu wenyewe walijua umuhimu wa kumfuata msomaji kwa lugha yake, mfano Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, kwenye miaka ya 1930 alitoa karatasi yake kwa Kiswahili ili mtu wa mtaani asome mwenyewe aelewe. Kwahiyo sioni sheikh na mama wa nyumbani wanagombania nini hapa, kila mmoja ana lake la kusema.

Nataka nieleze kidogo jinsi inavyokuwa maana huyo ndugu inaelekea anadhani tunachoandika ni mahubiri. Niliwahi kuandika habari ya mama mkwe wangu. Yeye akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi utaona midomo inacheza, kumbe ndo nyiradi zake hizo, tasbihi hana manake mikono yote miwili imeshika kizio, basi kila kizio kikiisha na yeye ameshamaliza fungu lake, na mtoto akija kulilia kipande cha nazi anamkatia, anampangusa kamasi kwa kanga, kisha anaendelea pale pale alipoachia, hajachanganyikiwa wala hajakasirika. Niliandika hivyo tu, sikuweka aya wala hadithi, wala sikusema nanyi mfanye hivyo. Usiku ule ule akanijibu dereva wa semi aliyekuwa foleni ya mpakani Tunduma, akasema mama yake yuko Pangani na yeye ana mtindo huo huo, na hajampigia tangu Idi, nikimaliza kukuandikia dada nampigia. Yule mama wa Muheza naye akaleta ya kwake, kwamba marehemu mama yake alikuwa anachuma machungwa huku anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, wao watoto wakijua akifika ubeti fulani ndo karibu kurudi nyumbani. Sasa niambieni, huyo dereva angempigia mama yake kwa sababu ya makala ya kumsema kwamba vijana wa siku hizi hawawajali wazazi? Hapana, angepita tu. Amezisoma hizo makala tangu akiwa shule.

Hilo ndo nililojifunza kwenye kuandika, kwamba msomaji anakuja ukimwonyesha kitu anachokijua nyumbani kwake, na anakaa ukimjibu. Kujibu ndo kazi yenyewe jamani. Mtu amekuandikia usiku kwamba mume wake kaacha kuswali toka biashara ianguke na nyumba imekuwa kimya, huwezi kumtumia picha ya maua yenye maandishi ya subira ina malipo ukadhani umemjibu. Unakaa, unamuuliza hali, unamwambia nakuombea na kweli unaomba, na jambo likiwa zito unamuelekeza kwa mtu, sheikh wake, padri wake, mtu mzima katika ukoo, na kama kuna kupigwa basi unamwambia waziwazi aende polisi kwenye dawati la jinsia, hapo hakuna cha kusubiri. Mimi mengine nampelekea ustadhi wetu wa madrasa hapa mtaani, mzee mmoja mpole sana, kila nikitaka kuweka hadithi namuonyesha kwanza, akisema hii siijui mwanangu basi naitoa.

Hapa sasa ndo nakubaliana na huyo ndugu. Zile jumbe za tuma kwa watu kumi utasikia habari njema kabla ya jua kuzama, usipotuma msiba utakufika, na ile barua ya ndoto inayodaiwa kuotwa na mlinzi wa kaburi la Mtume ambayo imeanza kuzungushwa tangu enzi za karatasi kabla hata simu hazijaja, hizo ni uongo na zinatia watu hofu bure. Kumsingizia Mtume maneno ambayo hakuyasema ni dhambi kubwa, yeye mwenyewe ameonya kwamba mwenye kumzulia uongo kwa makusudi ajitayarishie makazi yake motoni. Hao wanaofanya hivyo wakemewe kwa nguvu zote, na nitasimama na huyo ndugu bega kwa bega. Ila dawa yake siyo kumfunga mdomo mama anayeeleza mwanawe alivyofunga saumu yake ya kwanza hadi adhuhuri.

Kuna jambo lingine yeye hakuligusa na mimi linanikera kuliko hata hizo jumbe, nalo ni watoto. Tunapoandika familia tunaandika watu, na mtoto hana namna ya kukataa. Hapa mtaani kwetu kuna mtoto alilazwa zamani kidogo, mdogo, mipira puani, na ndugu wakapiga picha wakaisambaza wakiomba dua. Nia yao ilikuwa njema sikatai, na dua zikaombwa, na alhamdulillah mtoto akapona. Sasa hivi yupo sekondari na ile picha wenzake wanayo, wanamwita jina la ule ugonjwa. Mama yake akaja kwangu na nguo ya kutengeneza akaishia kulia. Mungu anamjua mgonjwa bila picha! Andika jamani niombeeni mwanangu anaumwa, inatosha. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 na mambo ya afya ya mtu ni katika yanayotakiwa kulindwa sana, lakini hata bila sheria, uislamu una sitara na ukristo una staha, tunafundishwa kumsitiri mwenzetu halafu tunamuanika tuliyemzaa wenyewe.

Kwangu mie taratibu ni hii, watoto siwataji majina, aliyefikisha umri wa kuelewa namsomea kwanza, akisema mama hiyo usiandike naiacha hata kama ilikuwa nzuri kiasi gani. Mume wangu vilevile. Ya chumbani na ya ugomvi mbichi hayatoki, mpaka yamepoa na wote wawili tumeridhia. Wasomaji wanaona hilo na ndo maana wanaleta na ya kwao, maana wanajua hayatapelekwa kokote.

Kwahiyo mhariri ombi langu ni hili. Ule ukurasa wa imani Ijumaa na Jumapili mnautoa vizuri, makala za masheikh na mapadri ziendelee, lakini tengeni nafasi hata ya robo ukurasa kwa barua za imani ya nyumbani kutoka kwa wazazi, mababu, mabibi, hata vijana, Waislamu na Wakristo humo humo, si hapa Tanga tunaishi nyumba moja, shangazi anakwenda kanisani mjomba msikitini na pilau la Idi na la Krismasi tunakula wote? Aya na hadithi zikiwemo mtafute mwenye elimu azipitie kabla ya kuchapa, na huyo ndugu mwenye barua akitaka kuifanya hiyo kazi nitafurahi sana, nasema kwa moyo mweupe, maana anaonekana anayo elimu na anaijali dini yake. Majina ya watoto msichape. Na toleo linalofuata mchape majibu ya wasomaji, hilo msilisahau, barua bila majibu watu watachoka mapema.

Pia mpokee za kuandikwa kwa mkono. Wazee wengi wana mambo makubwa vichwani lakini simu kwao ni ya kupigia tu, mjukuu anaweza kukaa naye akamuandikia vile anavyosema, kwa lafudhi yake, msiwasahihishe mpaka wakawa wanaongea kama taarifa ya habari. Kisambaa, Kidigo na Kibondei kikiingia katikati ya Kiswahili muache kiingie, tutaelewana.

Mkikubali, mie barua ya kwanza ninayo tayari, inahusu jinsi baba yangu alivyonifundisha kuswali jamaa nikiwa mtoto, mie na yeye tu nyuma ya duka siku za mvua. Nitaileta ofisini kwenu mkinijulisha mnapokea siku zipi.

Msomaji wenu,
Mama wa Ngamiani, Tanga