Zuhura, beba katani yako

Kireka, Kampala
4 Mei

Zuhura mpenzi,

Habari za Tanga? Huku hatujambo, ila mvua. Inanyesha tangu Ijumaa na njia yetu imegeuka mto, bodaboda hawapandi tena huku juu hata uwape mara mbili. Mama yuko Bombo, anakusalimu sana, na anauliza yale maembe uliyomwahidi mwaka juzi yameiva au bado.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Hongera, shoga yangu! Miezi mitatu Ujerumani, maabara ya polima, yaani plastiki na jamaa zake, na mashine ambazo tukiwa chuo tulizichora tu kwenye daftari. Umeniuliza kule kukoje. Chakula utakizoea, baridi hutaizoea, na treni haikusubiri. Hayo utaambiwa na kila mtu. Mimi acha nikusimulie la unyevu.

Unaujua mradi wetu: nyuzi za migomba tuchanganye na plastiki ya magunia ya sukari, yale ya kufumwa. Gunia lile ni polipropilini, linayeyuka kwenye nyuzi 165 hivi (za joto, si za mgomba), na hiyo ndiyo bahati yetu, kwa sababu nyuzi za mimea zikishapita 200 zinaanza kuungua. Chupa za maji zinataka 250. Ukijaribu nazo utatoa mkaa.

Nilifika kule Februari ya mwaka jana. Fundi wa maabara, mzee mpole asiyependa kuulizwa jambo mara mbili, alinionyesha: kausha nyuzi kwenye oveni usiku kucha, pima, mimina kwenye ekstruda, ile mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma itokee tunduni, sogeza skrubu taratibu. Mchanganyiko ukatoka kwenye tundu kama kamba ya ukili iliyopakwa mafuta, wa kahawia, laini, bila doa. Niliandika kila kitu, hata mizunguko ya skrubu kwa dakika. Nikarudi Kampala na daftari langu kama mtu aliyerudi na hirizi.

Aprili tukawasha mashine yetu. Shoga, kamba ilitoka imevimba kama andazi, inapasuka pwa, pwa, na moshi juu. Tulipoikata, ndani ni matundu matupu, mkate wa kumimina hasa! Nikawaandikia wenzetu wa Ujerumani. Wakajibu nipunguze joto. Nikapunguza. Nipunguze mwendo. Nikapunguza. Baadaye wakasema labda magunia yetu ni machafu, na mimi mjinga nikakubali, nikawafulisha vijana magunia wiki mbili.

Kumbe nyuzi. Jioni moja nilizitoa kwenye oveni nikapima gramu 500, nikaacha mfuko wazi nikaenda zangu nyumbani. Asubuhi, kwa bahati tu, nikapima tena: 540. Gramu 40 za maji, zimenyonywa kutoka hewani usiku mmoja wa masika! Ukiyatia maji hayo kwenye pipa la moto la mashine yatafanya nini kama si kuchemka? Kule wakati wa baridi vyumba vinapashwa joto mpaka hewa inakauka kabisa. Mikono ilinipasuka, nilikuwa nikijipaka mafuta mchana kutwa, na wala sikujiuliza kwa nini. Tena mashine yao ina tundu la kupumulia lenye pampu ya kufyonza mvuke. Yetu tulinunua mkononi, haina.

Daftari langu, basi, lilikuwa limebeba hali ya hewa ya watu wengine. Hakuna aliyenificha kitu, ila hakuna aliyejua kwamba hewa nayo ni sehemu ya mapishi. Kilichoniuma ni ile ripoti ya mwisho. Walioiandika walitaja "tofauti za malighafi" wakaishia hapo, kana kwamba mgomba ndio wenye kosa. Ilibidi mwanafunzi wao mmoja aje hapa, atoke jasho na sisi wiki mbili, ndipo wakaamini. Kijana mzuri, alikula matoke mpaka akaomba ndizi za kubeba.

Kwa hiyo usiende na begi la nguo tu. Beba katani yako, kilo kadhaa. Wana chumba cha kurekebisha hewa, waambie wakiweke joto na unyevu wa Tanga ya mwezi wa Nne, kisha ndipo mwanze majaribio. Watashangaa, watakubali. Jifunze kusafisha skrubu kwa mikono yako, kwa brashi ya shaba; chuma kitaikwaruza. Na jifunze vizuri kile kipimo cha mtiririko, cha kujua plastiki iliyoyeyuka inatiririka kwa wepesi gani: plastiki kwenye nyuzi 230, uzito wa kilo 2.16 juu yake, uhesabu gramu zinazotoka kwa dakika kumi. Ni kifaa rahisi, mafundi wa Katwe, hapa hapa Kampala, wametutengenezea karibu chote. Tumekwama kwenye tundu lake tu, linatakiwa milimita 2.095 na keekee ya Katwe haijui habari hizo.

Nilisahau. Kuna mama mmoja Mpigi tulikwenda kumwomba vigogo vya migomba, tukamwambia si ni taka tu. Akatucheka. "Taka? Hayo ndiyo matandazo yangu, mkiyachukua udongo wangu utalala uchi." Mradi mzima hakuna aliyekuwa amemuuliza mkulima. Nyinyi huko mmetuzidi, katani inalimwa kwa ajili ya uzi wenyewe. Na hata huo mkonge si uliingia kwenu ukiwa miche 62 tu iliyosalimika safarini kutoka Florida?

Sasa ombi. Kabla hujaondoka nitumie kilo mbili za katani kwa basi, nizipitishe kwenye mashine yetu mvua hii ikiwa bado ipo, tulinganishe namba zako na zangu. Zikaushe kwanza. Na usizifunge kwenye mfuko wa plastiki, basi linapita Kenya na huko mifuko hiyo ni marufuku, watauchukua hapo hapo mpakani. Tafuta dumu la mafuta lenye kifuniko kizuri, ulikaushe, uzisindilie humo.

Na maembe, kama nafasi itabaki.

Wako,
Rehema