Barua ya ukurasa mmoja

"Wakili, pesa yote hii kwa barua ya ukurasa mmoja?" Mteja aliniambia hivyo huku akisukuma ankara upande wangu wa meza. Si wa kwanza. Karibu kila anayeleta dai la nembo au picha iliyoibwa hulalamika hivyo, na wengine huondoka wakiamini tumewaibia.

Kabla sijaandika neno la barua hiyo ya kumtaka mwizi aache, tunapekua daftari la msajili: alama ya biashara ni ya nani, na imesajiliwa daraja gani, yaani kundi gani la bidhaa au huduma? Madaraja ya kimataifa ni 45, ya bidhaa 34 na ya huduma 11. Aliyesajili kwa nguo pekee hana njia nyepesi ya kumzuia muuza vipodozi. Kisha mtu wetu ananunua ile bidhaa bandia, anachukua risiti, anaifunga kwenye bahasha na kutia sahihi na tarehe juu ya gundi. Bahasha hiyo hukaa kabatini imefungwa. Nimewahi kuona kielelezo kikizua ubishi wa asubuhi nzima kwa kuwa hakuna aliyejua kilikaa kwa nani kwa wiki tatu.

Halafu linakuja swali linaloudhi: nembo alichora nani? Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki hiyo huzaliwa pamoja na kazi, bila usajili, na kwa kawaida huwa ya aliyeichora. Kumlipa tu mara nyingi hakuihamishi; panahitajika maandishi. Mama mmoja mtengeneza sabuni alikuwa amemlipa mchoraji wa kujitegemea mkononi, bila karatasi. Wakili wa mdaiwa aliuliza swali hilo hilo, na kesi ikasimama. Tulimsaka mchoraji, alikwisha hama, tukaandaa hati ya uhamisho, shauri likaahirishwa mara mbili. Kila ahirisho lilikuwa gharama yake yule mama, na iliniuma.

Lakini njia ya mkato inayonikosesha usingizi ni ujumbe wa hasira usiku: "Toa picha zangu ama nakushtaki!" Mpiga picha mmoja aliutuma. Kulipokucha picha hazipo, naye alibaki na skrinshoti moja, imekatwa juu, haina tarehe wala anwani ya ukurasa. Zilikuwa zimetumika miezi mingi. Tuliweza kuthibitisha siku moja, na fidia ikawa ya siku moja. Kuna nchi ambako kutishia kesi isiyo na msingi kunakugeuza wewe kuwa mdaiwa.

Kukaa kimya nako kuna bei. Ukiomba zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha mwizi kesi ikiendelea, baada ya mwaka, jaji atauliza: kama jambo ni la dharura, ulikuwa wapi?

Kwa hiyo ukigundua umeibiwa, usimwandikie mtu. Hifadhi ukurasa mzima, anwani na tarehe zionekane. Tafuta rasimu za kwanza, hata zenye makosa, na risiti ya mchoraji. Uje navyo wiki hiyo hiyo.

Yule mteja wa ankara nilimfungulia faili lake. Barua ilikuwa juu; chini yake kurasa 62 na bahasha moja iliyofungwa.