YAH: DAWA YENU YA KUSUKUTUA ILIYONIPOTEZEA LADHA YA CHUMVI

Ngamiani, Tanga

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi: ukiona sufuria ya kilo 20 za mchele mtaani kwetu, huenda mwiko ni wangu. Nawaandikia kwa sababu ya dawa yenu ya kusukutua, ile ya chupa ya mililita 300.

Fizi zilikuwa zinatoa damu nikipiga mswaki, nikainunua duka la dawa kwa shilingi 18,000. Ubavuni mwa boksi mmeandika kwa Kiswahili, herufi kubwa: "Tumia kila siku, asubuhi na jioni." Nikafuata. Mililita 10, dakika moja, natema. Chupa ikaisha, nikanunua ya pili, kisha ya tatu.

Meno ya mbele yakaanza kushika ukahawia, kama kikombe cha chai ya rangi kisichosuguliwa. Nikasugua hadi mswaki ukachanua. Wapi!

Hilo la meno ningelivumilia. Siku ya harusi moja nilionja supu ya pilau kabla ya kutia mchele, nikaiona imepooza. Nikaongeza chumvi. Nikaonja tena, bado, nikaongeza. Msaidizi wangu akaniambia, "Bi mkubwa, hapo imezidi," nikamkemea mbele za watu. Alikuwa na haki, na nimeshamwomba radhi. Wageni walimaliza maji kabla ya wali, na mwenye shughuli akanikata shilingi 60,000.

Daktari wa meno alisoma boksi akatikisa kichwa. Kumbe ni klorheksidini ya asilimia 0.2: dawa ya fizi ya muda mfupi, aghalabu kama wiki mbili, kisha mtu anaacha. Ukiendelea nayo meno hushika madoa, hasa kwa sisi wanywaji chai, na ulimi hupoteza ladha, ya chumvi zaidi. Ya kutumia kila siku ni ile ya floraidi, madini ya kulinda meno yasioze, nayo haifai mara tu baada ya mswaki, maana inaondoa floraidi iliyoachwa na dawa ya meno, ambayo ni nyingi kuliko yake. Damu yenyewe ilisababishwa na ukoga uliogandia kwenye mashina ya meno, ambao hakuna maji ya kusukutua yanayoubandua. Aliukwangua pamoja na madoa, shilingi 40,000. Ladha ilirudi siku chache baada ya kuacha dawa yenu.

Kinachonikera ni kwamba mlijua. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi inayataja yote haya, madoa na ladha, kwa Kiingereza, herufi za kusomwa na sisimizi. Sifa mmezitia Kiswahili, tahadhari mkaiacha kwenye Kiingereza. Mnauza Tanga au mnauza London?

Nadai shilingi 54,000 za chupa tatu, 40,000 za daktari na 60,000 za harusi. Risiti nimeambatanisha. Pia andikeni juu ya chupa, kwa Kiswahili, mwisho wa kutumia ni siku ngapi, na hayo maneno "kila siku" myafute.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14, kwa maandishi. Mwenye harusi naye nimemwahidi nakala.

Mteja wenu,
Mpishi wa shughuli, Ngamiani