Kuwashirikisha wachezaji katika matukio ya seva

Ndugu waendesha mchezo,

Kabla ya tukio la Jumamosi kwenye seva yetu, yaani kompyuta inayowaunganisha wachezaji mtandaoni, naomba tuzingatie jambo moja. Neverwinter Nights, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na BioWare na kutolewa mwaka 2002, unampa mwendesha mchezo, yaani anayeongoza hadithi, programu maalumu inayomwezesha kutoonekana, kuleta viumbe papo hapo na hata kumwingia mhusika yeyote wa kompyuta ili azungumze kwa kinywa chake. Uwezo huo ndio unaotuponza, kwa kuwa ni rahisi mno kumleta mchawi wako umpendaye akamaliza vita vyote, huku wachezaji wakibaki watazamaji.

Badala ya kutoa tangazo kwa seva nzima, mwingie mlinzi wa lango, umuulize mchezaji aliyetoka msituni peke yake ameona nini njiani, kisha mwache yeye ndiye apeleke habari mjini. (Wachezaji wakimya hupata nafasi kwa njia hii kuliko nyingine yoyote ninayoijua.) Wakiamua kujadiliana na maorki (viumbe wakali wa kubuniwa) badala ya kupigana nao, usiwalazimishe vita kwa sababu tu ulikwisha kuandaa jeshi. Wachezaji ambao wahusika wao bado wana viwango vya chini vya nguvu wapewe kazi yenye uzito, kama kuwatorosha majeruhi, si kusimama nyuma ya wakubwa.

Matokeo yaandikwe kwenye kumbukumbu zetu usiku huohuo, ili daraja lililochomwa na wachezaji lisionekane zima kesho yake kwa mwendesha mchezo mwingine. Mapendekezo yatumwe hapa kabla ya Ijumaa jioni.