Kaka, kuhusu ile gesi yetu na hela za huku Norway

Shikamoo kaka. Bi mkubwa mfikishie shikamoo yangu, shemeji na watoto wote nawasalimu. Huku Stavanger mi mzima, mvua tu ndo haikatiki.

Voisi yako niliisikiliza kwenye basi natoka zamu ya usiku nikaona hapana, hii siijibu kwa voisi, ngoja niandike. Umeuliza kwa nini gesi ya wenzetu imewatajirisha na ya kwetu imepita chini ya miguu yetu ikaenda Dar, alafu ukagusia yule jamaa anayelitaka shamba la korosho la marehemu baba kule Lindi kwa sababu eti mradi wa kiwanda cha gesi wa Likong'o unaanza. La shamba naanza nalo: msiuze. Si mnakumbuka Mtwara ilivyokuwa baada ya zile habari za gesi za 2012, viwanja vilipanda bei, mahoteli yakajengwa, watu wakauza mashamba ya urithi wakijua gesi imefika, mradi ukasogezwa na ukasogezwa tena na waliouza hawana shamba wala hela.

Sasa hawa wa huku. Watu wengi nyumbani wanadhani waliokota hela baharini. Mafuta waliyapata mwishoni mwa 1969 kule Ekofisk, ila sheria ya mfuko wao wa kuweka akiba hela za mafuta ni ya 1990 na hela ya kwanza imeingia humo 1996, kwa hiyo hapo katikati ni miaka zaidi ya 25 ya kubishana bungeni, kuunda kampuni ya serikali (hiyo ni 1972) na kujifunza kazi kwa wageni. Faida ya kuchimba inakatwa kodi asilimia 78. Sabini na nane kaka, na makampuni hayajakimbia!

Na mmoja wa waliowapangia huo utaratibu ni mgeni kama mimi, Farouk al-Kasim, mtaalamu wa miamba kutoka Basra, Iraq. Alikuja 1968 na mkewe wa hapa kwa sababu mtoto wao alihitaji matibabu, akaingia wizarani Oslo kuulizia tu orodha ya makampuni ya mafuta aombe kazi, wao wenyewe walikuwa hawana mtu anayeijua ile kazi vizuri, wakamwajiri. Alikuwa ameona Iraq nchi inavyoweza kuwa na mafuta na maamuzi yakawa ya wengine. Nikikutana na habari kama hii nafarijika sana, maana huku sisi wageni tunajulikana kwa kufagia na kuogesha wazee.

Huo mfuko leo una zaidi ya dola trilioni 1.5 na wenyewe wako milioni 5 na nusu hivi, piga hesabu. Kati ya kila hisa 100 za makampuni yaliyoko kwenye masoko ya hisa duniani, moja na nusu hivi ni za hawa watu. Na sheria waliyojiwekea ni kwamba serikali ichukue kama asilimia 3 tu kwa mwaka, wanakula korosho, mkorosho hawaukati.

Lakini kuna kitu kinaniuma na lazima nikuambie, usije ukadhani nawasifia tu. Magari mapya yaliyouzwa huku 2024, karibu 9 kati ya kila 10 ni ya umeme, umeme wenyewe sehemu kubwa ni wa maji, hewa safi, mji umetulia. Mafuta na gesi wanauzia wengine wakachome, na moshi ukihesabiwa unahesabiwa kwa aliyechoma, si kwa aliyeuza. Sasa kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, barabara ya Kilwa ikakatika pale Somanga, mkakaa bila bidhaa, nani alilipa? Hawa wana akiba ya wajukuu, sisi tunajenga daraja kwa mkopo. Hapo mi naona kuna deni na nalisema hata kazini.

Na usidhani hakuna maskini. Pale stendi kuna mama mtu mzima kila asubuhi anapekuapekua mapipa ya taka kutafuta chupa, maana huku chupa ya plastiki au kopo unarudisha dukani, kuna mashine ukutani unaisukumia, inaizungusha, inaimeza, mwisho inakutolea karatasi ya kwenda kulipwa, krone chache kwa kila moja. Ni mpango mzuri sana na Dar tungeuhitaji jana, ila yule mama mikono imempasuka kwa baridi, katika nchi yenye trilioni zote hizo.

Kwetu tusijidanganye, sisi ni zaidi ya milioni 60, gesi ikitoka yote haitatufanya Norway. Ila Mei 2013 watu walikufa Mtwara kwa kuuliza tu sisi tunapata nini, na lile swali bado ni halali. Sheria ya mapato ya mafuta na gesi tunayo tangu 2015, na mfuko umo. Equinor (ndo ile kampuni ya mafuta ya 1972) ambayo ina kitalu namba 2 cha gesi huko baharini kwetu, serikali ya huku inamiliki asilimia 67, kwa hiyo faida ikipatikana mgao unafika mpaka huku ninapoandikia. Halmashauri inadai makampuni ushuru wa huduma, basi we nenda mkutano wa kijiji, uliza kwa sauti: mwaka jana iliingia shilingi ngapi, ilienda wapi, karatasi iko wapi. Usiende peke yako, nenda na kina mjomba.

Nimetuma kidogo kwenye simu ya shemeji, mtungi wa gesi ujazwe, bi mkubwa aache kupuliza mkaa na kifua kile. (Hata hiyo ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje, si ya Mnazi Bay kwetu Mtwara, fikiria.) Karatasi za shamba zipige picha zote, nyuma na mbele, unitumie kabla ya Ijumaa, na huyo jamaa muulize anamnunulia nani.

Mdogo wako